Beni na Butembo 2018–2020: watu walikataa Ebola kwa ujinga, au walikuwa na sababu zao?

#1 Kaka_wa_Temeke (Dar es Salaam)
Wakuu, habari za jioni. Juzi mama mkwe wangu kule Kigoma kanitumia voisi ya dakika saba. Mtu anajiita daktari, anasema kuna ugonjwa umevuka ziwa kutoka Kongo na wakubwa wanaficha. Dakika saba nzima! Nikamwambia, mama futa hiyo, ni uongo. Akaniuliza, "Baba, wewe umejuaje kuwa ni uongo?" Nikakosa jibu la haraka, nikamwambia nina kikao.

Ndipo nikakumbuka Ebola ya Kivu Kaskazini. Watu wa Beni na Butembo walivamia vituo vya matibabu, wakachoma mahema, wakaua daktari aliyekuja kuwasaidia. Ebola iliua watu zaidi ya 11,000 kule Kongo na bado wengine walikuwa wanasema haipo. Mimi nasema ni ujinga ukichanganya na WhatsApp. Likitokea janga, zima mitandao, kamata wasambazaji wawili watatu, wengine watanyooka. Karibuni mnibishie.

#2 Popo_wa_Ubungo
Siti ya mbele nimewahi. Bisi ninazo.

#3 Mzee_wa_Takwimu (Morogoro)
Mleta mada, kabla hujatufundisha kukomesha uvumi, rekebisha wako. Waliokufa 11,000 na ushee ni wa Afrika Magharibi, 2014 hadi 2016: Guinea, Liberia na Sierra Leone. Mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, karibu na Beni. Ulitangazwa kwisha 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287.

Daktari unayemsema ni Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani (WHO). Alipigwa risasi Butembo tarehe 19 Aprili 2019, akiwa kwenye kikao hospitalini. Wale walikuwa watu wenye silaha. Usiwabambikie mama wauza ndizi.

#4 Kaka_wa_Temeke
Nimekubali, mzee. Namba nilizitoa kichwani.

#5 Popo_wa_Ubungo
Uzi wa kupinga uvumi umeanza na uvumi. Mods, pin hii.

#6 Mwana_Butembo (Kampala)
Jambo kwa bote. Miye ni mutoto wa Butembo, kwa sasa niko Kampala. Kiswahili yangu ni ya kwetu, musinicheke.

Mwenye kuanzisha uzi anasema ujinga. Sikiliza. Tangu mwezi wa kumi 2014 batu ba Beni banachinjwa na panga. Tulilia, tuliandamana, tulizika. Wenye magari na bunduki walikuwa pale, bakaangalia. Halafu 2018 Ebola inafika. Hata mwezi mbili haijaisha, mji imejaa magari nyeupe, hoteli zimejaa. Njo batu bakaanza kujiuliza: kifo ya panga haina gari, kifo ya Ebola iko na gari. Juu ya nini?

Na bale ba kwanza kusema "hii ni mambo ya politike" hawakuwa bale wasiosoma. Walikuwa walimu ba lise, ni kusema sekondari.

#7 Binti_Kisauni (Mombasa)
Ndugu wa #6, pole sana. Na Kiswahili chako ni kitamu, ngeli zimehama nyumba kidogo tu.

Mimi naongeza la uchaguzi. Watu wengi hawalikumbuki. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya kura, tume ya uchaguzi ya Kongo ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura hadi Machi kwa sababu ya Ebola na usalama. Yumbi pia, kule magharibi, kwa sababu ya mauaji. Rais angeapishwa Januari! Kwa hiyo kura zao za Machi zingekuwa za kumchagua nani? Na Beni na Butembo zilijulikana kuwa ngome ya upinzani.

Masoko yalikuwa wazi. Makanisa yalikuwa wazi. Watu walikuwa wanabanana kwenye pikipiki watatu watatu. Eti Ebola iko kwenye sanduku la kura tu. Kesho yake waandamanaji Beni wakavamia kituo cha kupokelea washukiwa wa Ebola, wagonjwa wakakimbia. Tarehe 30 watu wa Beni wakapanga foleni wakapiga kura yao wenyewe, ya kuonyesha tu, inayojulikana haihesabiwi. Hao ndio unaowaita wajinga?

#8 Kaka_wa_Temeke
Hilo la kura sikulijua. Lakini dada, kukasirikia tume ni jambo moja, kuchoma hema lenye wagonjwa ni jambo jingine. Kosa la tume halimpi mtu ruhusa.

#9 Sista_Ruhusa_Ya_Zamu (Mwanza)
Mimi ni muuguzi, na nasimama na mleta mada japo amekuja vibaya. Jamani tusipambe uvumi. Mtu akiamini Ebola haipo, atamwosha marehemu kwa mikono mitupu, na wiki mbili baadaye tunahesabu jeneza la pili hadi la tano nyumba moja. Virusi havikuulizi ulikasirishwa na nani.

Na si kila uvumi unatoka kwenye machungu ya wananchi. Kuna wanaoupika. Mwaka 2018 mbunge mmoja wa kule alisema hadharani kwamba Ebola ilitengenezwa maabara ili kuwamaliza watu wa Beni. Huyo si bibi wa kijijini, ni mbunge anayetafuta kura. Mnamwekea na yeye "sababu zake"?

#10 Mzee_wa_Takwimu
Sista, hapo umegusa. Kuna utafiti ulichapishwa 2019 kwenye jarida la The Lancet Infectious Diseases. Waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo mwezi Septemba 2018, mlipuko ukiwa mchanga. Robo hivi, asilimia 25.5, walisema Ebola si ya kweli. Waliosema wanaamini viongozi wa eneo lao kuwa watawatakia mema hawakufika theluthi: asilimia 31.9. Na waliokosa imani na viongozi ndio hao hao waliokuwa wagumu kukubali chanjo na kinga nyingine.

Sasa tafsiri ni yako. Wewe utasema uvumi umeua imani. #6 atasema imani ilishakufa zamani, uvumi umekuja msibani tu.

#11 Jirani_wa_Makanyagio
Wakuu, hata Liberia 2014 waliwaua wahudumu wanane waliokwenda kuelimisha kijiji. Ni Afrika nzima.

#12 Mzee_wa_Takwimu
Ni Guinea, mkuu. Kijiji cha Womey, Septemba 2014. Wanane ndiyo, na kati yao kulikuwa na waandishi wa habari.

#13 Popo_wa_Ubungo
Mzee wa Takwimu leo hajala.

#14 Dereva_wa_Ruzizi (Bukavu)
Salamu. Miye nilikuwa dereva wa kukodiwa wakati wa riposti. Riposti ndiyo jina la ile kazi yote ya kupambana na Ebola, mjue. Nitasema moja ambalo hamjasema: pesa.

Watu walikuwa wanasema "Ebola business", hata watoto wanaimba. Gari ilikuwa inakodiwa bei ambayo haijawahi kuonekana. Mwenye nyumba anafukuza mpangaji wa miaka sita ili apangishe kwa wageni. Kazi nzuri zinakuja na watu kutoka Kinshasa, kijana wa Butembo anapewa kushika kipimajoto barabarani. Na wote tunajua: siku Ebola ikiisha, mkataba umeisha. Sasa mama wa sokoni akisema "hawa hawataki iishe", ni uvumi? Miye mwenyewe, nasema ukweli wangu, tuliposikia wagonjwa wamepungua, kuna siku nilifurahi nusu. Nusu ingine nilikuwa nawaza ada ya watoto.

#15 Kaka_wa_Temeke
Hii ya #14 imenikalisha chini kidogo.

#16 Jirani_wa_Makanyagio
Si hata waziri wao wa afya alifungwa kwa kula mamilioni ya Ebola?

#17 Binti_Kisauni
Punguza sifuri. Oly Ilunga alijiuzulu Julai 2019 baada ya rais kumkabidhi Profesa Muyembe, mtaalamu wa virusi, uongozi wa mapambano. Machi 2020 mahakama ikamhukumu miaka mitano kwa dola zaidi ya 400,000 za Ebola. Yeye alikana. Ila kumbuka pia ugomvi wake wa chanjo: ilikuwepo moja inatumika, wakubwa wakataka iletwe ya pili, yeye akapinga akisema itawachanganya watu. Huko Butembo mtu anasikia waziri anasema ya pili haifai, miezi michache baadaye ya pili inaletwa Goma. Unataka aamini nini?

Na baya kuliko pesa likaja baadaye. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na WHO wenyewe ilitoa ripoti ya wanawake walioombwa ngono ili wapate kazi kwenye riposti. Watuhumiwa 83, kati yao 21 waliajiriwa na WHO. Wanawake walikuwa wanayasema haya sokoni wakati ule ule. Yaliitwa uvumi.

#18 Sista_Ruhusa_Ya_Zamu
Hapo kwa #17 sina la kujibu.

#19 Mkalimani_Nyarugusu (Kasulu)
Habari zenu. Mimi nakalimani kambini, nasikiliza Kiswahili cha Kongo kuanzia asubuhi. Mnaongea siasa na pesa, hakuna aliyetaja lugha.

Vipeperushi vingi vya mwanzo vilikuwa kwa Kifaransa, na vya Kiswahili vikawa kwa Kiswahili sanifu, hiki chetu cha vitabuni. Kule milimani Lubero bibi anaongea Kinande. Kiswahili anachojua ni kama cha ndugu wa #6. Unamwandikia "epuka kugusa majimaji ya mwili". Majimaji gani? Jasho? Maziwa ya mtoto? Hutaki kumtajia matapishi na mkojo kwa sababu ya adabu, basi hujasema kitu. Unaandika "vijidudu", yeye anajua mikrobe. Halafu anakuja kijana kwenye redio ya mtaa, anaongea Kinande safi, anasema yote ni uongo wa Kinshasa. Nani ameeleweka?

#20 Mwana_Butembo
#19 ni kweli kabisa. Kuna karatasi moja ilibandikwa kwa soko, tuliisoma batu batano, kila mutu na maana yake. Moja alisema inakataza kunyonyesha.

#21 Mmakua_wa_Mtwara
Uzi mzuri. Mkiongea lugha mmenikumbusha ndugu zangu ng'ambo ya Ruvuma. Msumbiji wana shida hii miaka mingi, ila kwao ni kipindupindu. Kwa Kireno kipindupindu ni cólera, na klorini ni cloro. Mtu wa afya anakuja kijijini na ndoo, anamwaga cloro kisimani. Mwezi huo huo watu wanaharisha. Mtu asiyejua Kireno vizuri anasikia nini? Amemwaga kolera. Wahudumu wamepigwa, wengine wameuawa, nyumba za machifu zimechomwa.

Tarehe 7 Aprili 2024 watu wapatao 130 walipanda chombo cha uvuvi kutoka Lunga kwenda Kisiwa cha Msumbiji. Wakubwa wa mkoa wa Nampula walisema walikuwa wanakimbia kipindupindu baada ya kusikia habari za uongo. Kikazama. Walikufa karibu 100, watoto wengi. Kipindupindu chenyewe kisingeua idadi hiyo pale kwa siku moja.

#22 Kaka_wa_Temeke
Basi mnanipa point! Habari ya uongo imeua watu 100. Sasa mngezima simu Lunga isingekuwa hivyo.

#23 Mmakua_wa_Mtwara
Kaka, Lunga unaijua? Uvumi kule unatembea kwa miguu na kwa mtumbwi. Ungezima nini, bahari?

#24 Popo_wa_Ubungo
😂😂 Temeke kapigwa na kasia.

#25 Mama_Wawili_Kagera
Shikamooni wakubwa. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Kagera. Nitasema la kwetu.

Machi 2023 watu wa Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini, walianza kufa kwa homa na kutoka damu. Kwa siku kadhaa tangazo lilikuwa "ugonjwa usiojulikana". Tarehe 21 ndipo ikasemwa ni Marburg, homa ya virusi inayofanana na Ebola. Wagonjwa 9, sita wakafariki, mhudumu wa afya akiwemo. Zile siku za katikati ndizo zilizonitesa. Unaingia nyumba ya mtu, anakuuliza ni nini, unamwambia bado hatujui. Wenzangu wengine waliona aibu kusema hivyo, wakawa wanasema "ni homa ya kawaida, msiogope". Ilipotangazwa Marburg, wao hawakufunguliwa mlango tena. Mimi niliyesema sijui nilifunguliwa.

Mzee mmoja lakini alinikatalia kabisa. Akaniuliza, "2020 mlituambia nini?" Nikanyamaza, nikakaa kwenye gogo lake pale nje. Nilikaa mpaka mkewe akaleta kahawa.

#26 Jirani_wa_Makanyagio
Hapo kwenye 2020 ndipo penyewe! Papai na mbuzi kukutwa na korona!

#27 Chuma_Bado_Chuma
Acheni kumsakama marehemu. Magufuli alituokoa na taharuki. Nchi za jirani zilifungiwa ndani, sisi tulifanya kazi. Nyungu nilipiga na niko hai.

#28 Sista_Ruhusa_Ya_Zamu
Uko hai, ndugu yangu, na namshukuru Mungu. Mimi nina wenzangu wawili wa wodi ambao hawapo. Takwimu za korona zilisimama mwaka 2020 kwenye wagonjwa 509 na hazikurudi zaidi ya mwaka. Chanjo ilipofika Julai 2021 tukawa tunabembeleza watu ambao mwaka mzima waliambiwa chanjo ina mashaka. Kwa sauti ile ile ya serikali! Mzee wa Kagera hakukosea kuuliza.

#29 Chuma_Bado_Chuma
Na hao WHO mnaowaamini? Januari 2025 walitangaza Marburg Kagera, wizara ikasema sampuli zote ni hasi.

#30 Mzee_wa_Takwimu
Malizia hadithi, usiishie njiani. WHO walitoa taarifa ya washukiwa tarehe 14 Januari. Wizara ikasema vipimo havijaonyesha. Tarehe 20 Rais Samia mwenyewe, akiwa na mkuu wa WHO pale Dodoma, akathibitisha kuwa Marburg ipo. Mpaka tunatangaza kwisha tarehe 13 Machi, waliofariki walikuwa 10: wawili waliothibitishwa na wanane waliohesabiwa kuwa yumkini.

Ila sitaki kuwa mchoyo. Sampuli ya kwanza inaweza kuwa hasi kweli na ya pili ikawa chanya. Hilo halikuelezwa, ndiyo lawama yangu. Siku sita za ukimya ni nyingi kwa mtu mwenye simu.

#31 MOD
Siasa za 2020 zina jukwaa lake. Rudini kwenye mada.

#32 Kijana_wa_Himbi (Goma)
Nami niseme ya Goma. Tarehe 22 Mei 2021 jioni mbingu ilikuwa nyekundu. Tukauliza: ni volkano gani, Nyiragongo au Nyamulagira? Habari ya kwanza ikasema Nyamulagira, maana yake tulieni, lava yake haiji kwetu. Lakini wazee walioona mlipuko wa 2002 walitazama rangi na upande, wakasema hii ni Nyiragongo, wakabeba magodoro wakaelekea mpaka wa Rwanda. Wazee ndio walikuwa sawa. Lava ilikuja mpaka ukingo wa mji, karibu na uwanja wa ndege.

Halafu tarehe 27 tukaambiwa sehemu kubwa ya mji ihame, kwa hofu kwamba lava iko chini yetu na chini ya ziwa. Tukakimbilia Sake kama mafuriko. Haikulipuka tena. Sasa jamani, mara ya kwanza waliofuata habari rasmi ndio walichelewa. Mara ya pili waliofuata habari rasmi walilala barabarani bila maji. Mara ya tatu watafuata nini? Na kituo cha kuangalia volkano kilikuwa kimekatiwa msaada tangu 2020, hata intaneti ya kuletea vipimo ilikosa wa kulipa. Siwalaumu wale wanasayansi. Unamtuma mtu alinde na umemfunga macho.

#33 Binti_Kisauni
Hii ya #32 inaleta kitu kipya: kuna wakati tetesi za wazee ndizo habari sahihi. Uzi mzima tumechukulia uvumi maana yake uongo.

#34 Sista_Ruhusa_Ya_Zamu
Na kuna wakati tetesi za wazee ni kumpa mtoto mafuta ya taa anywe. Tusilewe, dada.

#35 Kaka_wa_Temeke
Sawa. Nimesikia panga, kura, pesa, ngono, lugha, ukimya, wanasiasa. Kila mtu kaja na kabila lake la sababu. Lakini ile Ebola iliisha. Nini kiliimaliza? Maana imani haikurudi, kwa mnavyosema.

#36 Mzee_wa_Takwimu
Chanjo kwanza. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa, kwa kumzunguka mgonjwa: waliomgusa, na waliowagusa hao. Pili, dawa. Agosti 2019 jaribio lilionyesha dawa mbili zinafanya kazi, na aliyewahi mapema nafasi yake ya kupona ilikuwa kama tisa kwa kumi. Kabla ya hapo kituo kilikuwa mahali pa kwenda kufia. Ukiona jirani anatoka mzima, uvumi unakosa chakula.

#37 Dereva_wa_Ruzizi
Mzee, dawa ndiyo. Lakini na macho. Kuna vile vyumba vya plastiki inayoonyesha, vya shirika la matibabu la ALIMA. Familia inakaa nje inamuona mgonjwa wao, inaongea naye. Mwanzoni mtu alikuwa anaingia hemani anapotelea, unaletewa mfuko. Na waliopona ndio walikuwa wanalea watoto wachanga ambao mama zao wamelazwa, kwa sababu wao hawaogopi tena. Mimi nilipeleka mmoja wao kazini kila siku. Huyo alikuwa anasimamishwa barabarani na watu: "Kweli ulitoka?" Anashuka, anajibu. Tunachelewa kila siku.

#38 Sista_Ruhusa_Ya_Zamu
Mjue pia mwaka 2019 surua iliua watu zaidi ya 6,000 Kongo, wengi wao watoto, na haikupata robo ya magari hayo. Nilikuwa nampinga #6 lakini hesabu ile mimi kama muuguzi inaniuma.

#39 Mwana_Butembo
Asante, Sista. Sasa niseme ya mjomba wangu, halafu ninyamaze.

2019 alikufa kwa kituo. Timu ya mazishi ilikuya na sanduku, imefungwa. Mji yote ilikuwa inasema ndani wanaweka mawe, miili inauzwa. Mama mukubwa, dada yake, akasimama mbele ya gari. Akasema fungueni. Bakasema hapana, muko mikrobe. Akasema, "Kama muko mikrobe, basi muko na ndugu yangu pia. Fungueni."

Vijana ba mtaa bakaanza kuokota mawe. Miye nilikuwa na moja mkononi, sitasema uongo. Kijana moja wa ile timu akaenda mbali kidogo, akatoa ile kofia ya plastiki na maski. Tukaona ni mutoto wa mwalimu wetu. Akamuita mama mukubwa kwa jina ya mutoto wake wa kwanza. Akasema, "Miye njo nilimufunga. Iko na kovu hapa, ya shoka." Akaonyesha kwa mkono yake mwenyewe. Kovu ile mutu wa mbali hawezi kuijua.

Tulizika. Baadaye, watu walipolalamika sana, kulikuya mifuko yenye kuonyesha ndani, uso unaonekana. Kwa mjomba haikuwa bado.

#40 Binti_Kisauni
Mungu amrehemu. Na wewe pole.

#41 Mzee_wa_Takwimu
Poleni. Ila nitauliza kwa ubaya wangu: wagonjwa 3,470, kila mmoja atapata wapi mtoto wa mwalimu anayejua kovu?

#42 Mama_Wawili_Kagera
Mzee, kila kijiji kina watoto wa walimu. Ni kwamba hawaajiriwi. #14 kasema wanapewa kipimajoto.

#43 Mzee_wa_Takwimu
Na wakiajiriwa, miezi mitatu baadaye jirani wanawaita "wa riposti". Wapo wenyeji waliochomewa nyumba kwa sababu ni wenyeji wanaolipwa. Sidhani ni rahisi hivyo, mama.

#44 Dereva_wa_Ruzizi
Mzee kasema kweli. Miye niliacha kuvaa ile fulana nikirudi nyumbani.

#45 Kaka_wa_Temeke
Wakuu, mrejesho. Nimempigia mama mkwe. Nikamuuliza voisi ameipata wapi. Kumbe kapewa na mweka hazina wa kikoba chao, naye kapewa na mwanawe ambaye ni nesi. Nikamwambia, mama, hata nesi anaweza kudanganywa. Akasema, "Sawa baba, lakini huyu nesi ndiye alinizalisha mke wako." Nikaishiwa.

Anasema atafuta nikienda mimi mwenyewe, twende wote zahanati tukamuulize mganga. Na simu yake ya pili nimesikia inaita pembeni, kikoba wanauliza mkwe kasemaje. Nauli ya Kigoma nani ananichangia?

#46 Popo_wa_Ubungo
Panda treni. Ukipita Tabora niletee asali, lita mbili, ila uionje kwanza, siku hizi wanachanganya sukari.

#47 Jirani_wa_Makanyagio
Hiyo ya asali kuchanganywa sukari una ushahidi, au umesikia?